Kuhusu ile chupa yako ya Beaucastel

Mkuu, umeuliza kwa nini chupa ya mvinyo wa Château de Beaucastel ya 2016 uliyoletewa kutoka Ufaransa haijaandikwa aina ya zabibu, na kama uifungue sasa.

Haijaandikwa kwa sababu humo mna mchanganyiko. Kanuni za Châteauneuf-du-Pape, eneo la mvinyo kule kusini karibu na Avignon, zilitaja aina 13 za zabibu mwaka 1936, na ukoo wa Perrin, wenye shamba la Beaucastel, umezipanda zote. Jirani zao wengi hutegemea zaidi aina iitwayo Grenache, ila wao wanaipa aina nyingine, Mourvèdre, nafasi kubwa. Ndiyo inayouleta ule uzito na harufu ya ngozi na viungo.

Shamba lilinunuliwa na Pierre Tramier mwaka 1909, akamwachia mkwewe Pierre Perrin, kisha likafika kwa Jacques Perrin. Huyu namheshimu mno. Alianza kuachana na kemikali shambani miaka ya 1950, enzi ambazo wenzake walikuwa ndio kwanza wanazikimbilia. Ukiiona ardhi yenyewe utadhani mizabibu imeota juu ya mawe matupu: mawe laini ya mviringo, mengine makubwa kuliko embe, yanayoshika joto la mchana na kulitoa usiku.

Kama una subira, iache. Ilaze mahali penye giza na ubaridi usiobadilika. Ukishindwa kusubiri, imimine polepole kwenye jagi saa moja kabla ya kula, na ukiona mashapo chini usiogope, ni ya kawaida kabisa. Nyama ya mbuzi ya kuchoma inaifaa sana.