Nyeusi au krome kwa pikipiki ya pwani

Ndugu yangu, umeuliza kama pikipiki yako uivalishe krome mpya, ule mpako wa metali unaong'aa kama kioo, au uifanye nyeusi yote, na umesema uko Tanga, karibu na bahari. Kwa hapo mimi nachagua nyeusi bila kusita. Krome ni ngozi nyembamba mno juu ya nikeli. Chumvi ikipata kitundu tu, chuma cha chini kinashika kutu. Kwenye pikipiki yangu kutu ilianzia kwenye rimu, pale spoku zinapoingia: vidoti vya kahawia, baadaye nikawa naibandua krome kwa ukucha.

Rimu, usukani na kerea vipigwe rangi ya unga, ile inayochomwa kwenye tanuri. Ekzosi inataka rangi yake ya kuhimili joto. Ya kawaida itababuka mapema. Ila zile nguzo za shokapu za mbele zinazopanda na kushuka, tafadhali ziache na krome yake! Ukizipaka rangi, sili, ile mipira inayozuia oili, zitaharibika na oili itavuja.

Chukua nyeusi ya kung'aa. Isiyong'aa ni nzuri machoni, lakini madoa ya mafuta hayaitoki kirahisi.