Grili ya gesi ya Kimarekani yenye kichwa cha zamani: ifufuliwe vipi?

Ndugu wa Mikindani, umeuliza jinsi ya kufufua grili yako ya gesi ya Kimarekani. Hicho kichwa chake cha shaba, kiungo cha kwenye mtungi kinachofungwa kinyumenyume, ni cha zamani. Hakina kinga ya kubana gesi mpira ukikatika, wala plastiki inayoyeyuka na kufunga mkondo moto ukikaribia. Usitafute adapta. Toa kichwa, mpira na regyuleta yake (kifaa cha kupunguza presha ya gesi) vyote, kisha weka regyuleta mpya ya presha ndogo inayolingana na valvu ya mtungi wako, mpira mpya wa gesi (si wa maji) usiozidi mita 1.5, na klipu za chuma ncha zote mbili. Grili hizo zilitengenezwa kwa presha ya takriban milibari 28, hivyo regyuleta ya kawaida ya nyumbani inatosha. Ile ya majiko makubwa ya mama lishe italipua moto juu ya nyusi zako.

Chomoa bana, yaani kichomeo cha grili. Buibui hupenda kujenga ndani ya mirija yake. Gesi ikizibwa hurudi nyuma na kuwaka kwenye swichi. Pitisha brashi nyembamba, ila tundu la jeti (ncha ndogo inayopulizia gesi kwenye bana) usilichokonoe kwa msumari, litapanuka. Chumvi ya bahari ikiwa imetoboa bana, nunua nyingine; kuchomelea ni kupoteza hela.

Kabla ya kuwasha, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, mtungi ukiwa wazi na swichi zimefungwa. Pakitoa mapovu, funga mtungi, kaza, rudia.

Kama nyumbani umeunganishiwa gesi asilia ya bomba kutoka visima vya Mnazi Bay, usiiunge kwenye grili hii: jeti za grili ni za gesi ya mtungi.