Vibonzo vya Daumier ni vya jiwe, si vya shaba
Wapo wanaodhani vibonzo vya Daumier, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, vilichongwa kwenye shaba. Hapana, vile vya wapangaji, mawakili na abiria wa treni havikuchongwa hivyo. Daumier alichora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, ndipo vikapigwa chapa kwenye gazeti la Le Charivari, Paris. Ndiyo maana mistari yake ina chengachenga. Geuza karatasi yenye kibonzo: ukikuta maandishi ya gazeti mgongoni, basi ilikatwa humo. Na hayo maisha ya mtaani hakuyafuata kwa kupenda tu. Sheria ya 1835 ilibana vibonzo vya siasa, naye alishafungwa jela kwa kumchora mfalme Louis-Philippe akimeza kodi za watu. Vibonzo vya Gillray, mchora vibonzo wa Uingereza, hivyo kweli ni vya shaba.