Mara baada ya lini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana watano wa hapa Kisasa, Dodoma. Kila Jumamosi usiku tunakutana kucheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani ambao kila mtu anashika mhusika wake, mmoja anasimulia, na dadu ya pande 20 ndiyo inaamua. Kanuni ziko kwa Kiingereza, mimi ndiye ninayewatafsiria wenzangu. Kuna kanuni ya adui anayekukimbia mkiwa vitani. Nimeandika hivi: "Mchezaji atafanya mmenyuko mara baada ya adui kuondoka." Jumamosi iliyopita zimwi lilikimbia. Mwenzetu akasema analipiga upanga, mwingine akadai limeshaondoka, utalipigaje? Mimi nashikilia kwamba "mara baada" ni papo hapo, kwa hiyo upanga bado unafika. Tulibishana hadi saa 5 usiku. Nani yuko sahihi? Tumewekeana dau la chipsi mayai. Halafu, tuseme zamu, raundi au mzunguko?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta kuuelewa mchezo, ya pili nilikuwa nacheka, ya tatu nilikuwa nimekasirika. Hasira yenyewe si yako peke yako, ni ya miaka mingi. Wewe umegusa tu pale panaponiuma.

Niyamalize kwanza madogo. Zamu ni zamu, iacheni ilivyo. Ni neno la chomboni: mabaharia wa Kiarabu walikuwa na zam, kipimo cha saa 3 za mwendo, nane kwa usiku na mchana, na zamu yetu ya kukesha na kulinda ina undugu nayo. Bahari iko mbali na Dodoma, lakini nani hapa asiyeijua zamu? Mama yangu aliijulia kisimani kabla hajaijua herufi a. Ndoo yako imetangulia ya jirani, basi, hakuna mjadala. Raundi nayo ichukueni, mabondia wameshatuzoesha. Ila msizichanganye: raundi ni ile ambayo kila aliye vitani ameshapata zamu yake, na kitabu chenu kinaihesabu kuwa sekunde 6 hivi. Yaani ninyi watano pamoja na mazimwi yote mnapigana ndani ya sekunde 6, kisha mnabishana mpaka saa 5 usiku.

Mmenyuko urudishe maabara. Tindikali na besi humenyuka. Shujaa mwenye upanga akimenyuka, mimi namwona anavuliwa ganda kama ndizi. Mwitikio si mbaya, ila unanukia kwaya. Kitu chenu, kama nimekielewa, ni tendo moja dogo unaloruhusiwa kulifanya hata nje ya zamu yako, mara nyingi katikati ya zamu ya mwingine, jambo fulani likikuchokoza. Kitenzi chake tunacho tangu zamani: kudakia. Mtu anaongea, wewe unadakia. Kwenye bao ni mwiko. Mkono wa mwenzako unatembea na kete shimo hadi shimo, na mpaka ulale kwenye shimo tupu, mikono yako iko mapajani. Ukiingiza kidole wazee wanakufukuza. Huko kwenu kudakia ni halali, lakini mara moja tu, kisha unasubiri mpaka zamu yako irudi ndipo unapata ruhusa nyingine. Semeni "nadakia!" na meza nzima itawaelewa.

Sasa tuje kwenye hilo dubwana lenye maneno matatu.

Mara ni Kiarabu, marra, yaani safari moja ya tukio: mara moja, mara mbili. Kutoka hapo likapata maana ya ghafla. "Akamwona nyoka, mara akaruka." Hapo mara inafanya kazi kwa jasho, kati ya nyoka na kuruka huwezi kupenyeza hata wembe. "Mara tu baada ya" nayo siigombi, kwa sababu lile "tu" limeubana mlango.

Kisha ikaja sentensi hii, ambayo huenda umeisikia kabla hujaanza kutambaa: "Mgeni rasmi aliyasema hayo mara baada ya kukagua mabanda."

Siku moja nilikuwepo sentensi hiyo ilipokuwa inatendeka. Ilikuwa Nane Nane, viwanja vya Nzuguni. Mgeni rasmi alimaliza banda la mwisho, la asali, jua likiwa utosini. Alichovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikawahi kiti chini ya turubai nimsikilize. Akaenda kupumzika. Masinia yakapita mbele yetu kuelekea alikopumzika. La nne ndilo lilikuwa na ulimi. Yakarudi matupu. Ikaja ngoma ya Kigogo, njuga zikapigwa mpaka vumbi likatuingia puani, nasi tukafurahi kwa sababu angalau hawa walikuwa wanafanya walichokuja kufanya. Wakatambulishwa viongozi, mmoja mmoja, kila mmoja anasimama, anapunga mkono, anaketi. Nilipokaa, kivuli cha turubai kilikuwa kinagusa viatu vyangu. Mgeni rasmi alipokamata kipaza sauti, kivuli hicho kilikuwa kimeshavuka safu tatu za viti na kumfunika mama muuza karanga aliyekuwa ameketi juani kabisa tulipoanza.

Kesho yake kwenye gazeti: mara baada ya kukagua mabanda.

Mwandishi wa habari hiyo nilimfundisha mimi. Nilipokutana naye nikamuuliza, mwanangu, hii "mara" ni ya nini? Akafikiri kidogo. Akasema, "Mwalimu, inapendezesha."

Inapendezesha! Basi tuifanyie upasuaji. Ondoa "mara": mgeni rasmi aliyasema hayo baada ya kukagua mabanda. Kuna kidonda? Kuna damu? Mabanda yapo, mgeni yupo, hata asali ipo. Neno unaloling'oa na sentensi isishtuke ni kupe. Na kupe huyu ana mifugo mingi. Mshereheshaji anatangaza kwamba mara baada ya keki tutapata chakula, wakati watoto wameshalala mapajani na mpishi bado anapuliza moto. Fundi anakuahidi atakuja mara baada ya kumaliza "hii", na "hii" ni nyumba, iko kwenye msingi. Nimesoma hata kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika "mara baada ya Uhuru". Uhuru ni 1961, uamuzi ni 1973. Miaka 12! Sasa nasubiri atokee wa kuandika kwamba Serikali ilianza kuhamia kweli kweli 2016, mara baada ya uamuzi huo.

Ndiyo unaona ulipojikwaa. Umechukua neno ambalo wenzako wanalipakia miaka 12, ukataka likubebee sehemu ya sekunde 6. Limegoma.

Lakini tufanye neno ni zima, halina kupe. Bado dau umeshindwa, kwa sababu baada ni baada. Hata ikiwa papo hapo, hata ikiwa kufumba na kufumbua, adui ameshaondoka, na upanga wako ambao kwa kawaida unafika futi 5 unakata hewa. Kitabu chenu, lile toleo la tano la 2014, kinasema waziwazi kwamba pigo hilo linatolewa kabla tu adui hajatoka pale unapomfikia. Linamkatiza mwendo. Anainua mguu, unampiga, kisha anaendelea na safari yake kama bado ana miguu.

Kwa hiyo kanuni yako ni "kabla hajatoka". Litazame vizuri hilo "-ja-", maana ndilo upanga wenyewe. "Hajatoka" si "hakutoka". Hakutoka, habari imekwisha, yuko ndani anakunywa chai. Hajatoka, mguu uko mlangoni. Na usiandike "mpige kabla ya kutoka", maana hapo sijui anayetoka ni nani. Nikiwa mchezaji wako nitampiga adui kisha nitatoka mimi nikajinunulie soda. Wala usithubutu "kabla ya hajatoka", ambayo naisikia sasa hata kwa watu wenye digrii. Kabla ikishapewa kitenzi chake, hiyo "ya" inatafuta nini pale?

Pigo lenyewe mliitaje? Nahisi mtataka "pigo la fursa". Nawaombeni msifanye hivyo. Fursa imeshachoka, iko kwenye kila semina, iacheni ipumzike. Mimi ningeliita pigo la kusindikiza. Mgeni akiondoka, unamsindikiza. Humsindikizi akiwa ameketi, wala akiwa ameshafika kwake. Na hapa mchezo wenu umenifurahisha: unaruhusu mtu atumie tendo la zamu yake kujitoa kwa utaratibu, naye akifanya hivyo haguswi. Iteni hiyo kuaga. Kwetu anayeaga ndiye husindikizwa. Kwenu anayeaga anaachwa aende salama, na aliyeondoka kimyakimya ndiye anasindikizwa kwa upanga. Ambaye hakwenda kwa miguu yake, kasukumwa na mtu akatoka, huyo hasindikizwi. Hana kosa.

Sasa usije ukaandika "kabla haja-" kila mahali kwa furaha, maana si kudakia kote kuko hivyo. Kitabu kinakuruhusu pia utumie zamu yako kutega: "zimwi likifungua mlango, narusha mshale." Hapo ndipo "baada" yako ilipokuwa inahitajika, kwa sababu mshale unatoka kitendo cha kufungua kikishamalizika. Andika "likishafungua". Kwa "likifungua" tupu, mchezaji mwenye pupa anaweza kudai anarusha mlango ukiwa nusu, na mshale ukaingia kwenye ubao. Silabi moja tu, "-sha-", inafunga mjadala ambao "mara baada" ingeufikisha alfajiri. Kuna mchawi naye, yule wa uganga wa ngao. Yeye anadakia dadu ikishaonyesha kwamba pigo limempata, kabla halijamuumiza. Kinga yake, ile namba ambayo dadu ya anayempiga lazima iifikie, inapanda 5 mpaka mwanzo wa zamu yake ijayo, na pigo lililokuwa limempata linaweza kugeuka likawa limemkosa. Kupatikana na usiumie! Huku kwetu uganga huo wanao wanasiasa tu. Na anayekatiza uganga wa mwenzake anadakia huyo mwingine anapotamka, wala si akishatamka. "Anapotamka" inatosha peke yake. Ukiandika "pale ambapo anapotamka" umempa mtu mmoja kofia tatu.

Mchezo huu Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, nao hawakuwa na "-ja-" wala "-sha-". Kwa kile ambacho Kiswahili kinakibeba kwa silabi, wenzetu wanahitaji aya nzima ya maelezo, na bado wanagombana. Wewe umepewa lugha inayojua kama mguu umeinuliwa au umeshatua, ukaiacha kabatini, ukaenda kuazima maneno ya mgeni rasmi.

Sijidanganyi kwamba nitaishinda "mara baada ya". Juzi nimeikuta kwenye kadi ya mchango wa harusi ya mjukuu wangu: "mara baada ya ibada, wote mnakaribishwa ukumbini." Nikavaa miwani, nikaisoma tena, nikatoa mchango bila kusema neno. Lakini mezani kwenu, ambako mtu anaweza kupoteza mhusika aliyemlea miezi sita kwa sababu ya kiunganishi, kuweni wakali.

Kanuni yako iandike hivi: "Adui akitaka kutoka unapomfikia bila kuaga, unaweza kudakia na kumpiga kabla hajatoka." Aliyetaka kulipiga lile zimwi alikuwa na haki yake, na aliyekataa alikuwa ameisoma sawasawa sentensi mbovu uliyomwandikia. Kwa hiyo zimwi lirudishwe lipigwe, na chipsi unanunua wewe. Uzinunue Jumamosi hii. Usije ukawaambia wenzako mara baada ya mshahara.