Usitie oili namba 140 kwenye giaboksi ya 504

Mkuu, mwambie huyo fundi afunge kopo lake. Jumamosi asiguse giaboksi. Umeandika kwamba Peugeot 504 stesheni uliyonunua kwa mzee wa Masasi inakwaruza gia ya pili asubuhi, inazimika ukiachia mafuta, inanuka petroli, na unataka pia kujua habari za rangi na viti. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukasema fundi atamwaga oili yote ya giaboksi atie namba 140, ile oili nzito ya gia, "ili meno yakae vizuri". Hilo si dogo. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Mtwara, na niliyaamini.

Giaboksi ya Peugeot 504 inatumia oili ya injini. Kitabu cha gari langu kinasema 20W-40, hiyo hiyo unayotia juu kwenye injini. Difu, ile ya nyuma inayozungusha magurudumu, ndiyo inayotaka oili ya gia. Mafundi wengi wa huku wamekulia kwenye Land Rover na malori, wamezoea kutia oili ya gia kwenye giaboksi na difu pamoja, na wakiona 504 wanaichukulia vilevile. Sivyo ilivyo.

Gari langu lilikuwa la mjomba. Alipiga nalo ruti ya Lindi na Masasi miaka mingi: Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao, Ndanda, abiria wamebanana ndani na magunia ya korosho juu ya keria. Enzi hizo ukitaka kwenda Dar unavuka Rufiji kwa pantoni, maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Katika miaka yote hiyo giaboksi haikushushwa hata mara moja. Siku aliyonikabidhi funguo alinipa na dumu la oili ya injini, akasema, "Hii ni ya juu na ya chini." Nikaitikia, nikaondoka. Sikumuuliza ya chini ni ipi.

Baada ya miezi michache nikaona matone chini ya gari, usawa wa giaboksi. Nikalipeleka gereji. Fundi akafungua plagi, akachovya kidole, akawageukia vijana wake: "Nani huyu alitia oili ya injini kwenye giaboksi? Nyepesi kama maji, ndiyo maana inavuja. Una bahati haijakufa." Alisema kwa uhakika ambao hata mwenye gari anaanza kumwonea haya mjomba wake. Nikalipia oili ya 140. Sili, yaani mpira wa kuzuia oili, iliyokuwa inavuja, ambayo ndiyo ilikuwa ugonjwa wenyewe, hakuigusa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi tunapotegwa. Wiki ya kwanza gari lilikuwa zuri kuliko mwanzo. Giaboksi ilinyamaza, matone yakapungua, nikamsifia fundi kwa watu. Oili nzito hufunika kelele. Kisha asubuhi mkono wa gia pale kwenye usukani ukawa mzito, kama unakoroga ugali ulioiva. Nikawa nausukuma. Kufika saa sita mchana giaboksi imepata moto, gia zinaingia, nasahau. Kesho yake asubuhi ni yale yale, mkwaruzo ukiingia ya pili. Nikasema gari limezeeka.

Gari halikuwa limezeeka. Kila gia ya mbele ina ringi ya sinkro. Ukivuta mkono wa gia, ringi inabana koni ya ile gia kama breki, mizunguko inalingana, ndipo meno yanaingia kimya. Ili ibane lazima kwanza ikamue oili iliyo katikati. Oili nyepesi inakamuliwa mara moja. Ile 140 ikiwa baridi inakaa pale kama asali, ringi inateleza juu yake, na wewe unasukuma tu, meno yanakutana kabla mizunguko haijalingana. Mkwaruzo unaousikia ni chuma kinaliwa. Nimefanya hivyo kila asubuhi kwa miezi minne.

Siku ya siku ilikuwa kupandisha Newala kutokea Masasi. Unajua zile kona za kupanda uwanda wa Makonde. Nimetoka gia ya tatu nataka ya pili, gari limejaa, ikakwaruza ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Gari likaisha nguvu katikati ya kona, likaanza kurudi nyuma. Breki zilishika, mdogo wangu akaruka na jiwe akaweka nyuma ya tairi. Mama mmoja tuliyempa lifti alishuka akakataa kupanda tena, akamaliza mlima kwa miguu. Tangu siku hiyo gia ya pili ikawa inaruka yenyewe.

Kushusha giaboksi ya 504 si kama pikapu ya Kijapani, unafungua boliti nne za propela kazi imekwisha. Propela ya hili gari, ile fimbo inayopeleka nguvu nyuma, imo ndani ya bomba lililofungwa kuanzia giaboksi mpaka difu. Ukitaka giaboksi itoke, lazima uachanishe bomba hilo na kusogeza vitu vya nyuma. Siku mbili nzima za watu watatu. Ringi zikaagizwa Dar, zikaja za gari jingine, zikarudishwa kwa basi, zikangojwa nyingine. Shilingi 1,150,000 ziliondoka, na gari lilikaa juu ya matofali wiki saba katikati ya msimu wa korosho, wakati kila mwenye chombo cha kubebea anapata kitu.

Nilirudi kwa yule fundi na oili yake kwenye chupa. Akaniambia giaboksi za Kifaransa ni laini. Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 akiwa na 504, Jean-Pierre Nicolas akashinda ya 1978 akiwa na 504 kupe. Barabara zile zingekuwa na huruma kwa giaboksi laini? Hakunirudishia hata senti. Kilichoniuma zaidi ni kwenda kwa mjomba. Nilimuuliza, "Mjomba, ya chini ilikuwa ipi?" Akanionyesha kwa kidole, chini ya sakafu ya dereva, bila kusema neno.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga chochote, fanya jaribio hili. Injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote. Zikiingia bila shida, washa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu sekunde kumi, kisha tia rivasi. Rivasi haina sinkro, haidanganyi. Ikikwaruza baada ya kungoja hivyo, klachi yako haikati, yaani haiachanishi injini na giaboksi. Angalia fluidi na hewa kwenye mabomba, giaboksi haina kosa. Angalia pia vile vifundo vya fimbo zinazoshuka kutoka kwenye usukani, vikilegea mkono unafika mwisho na gia haijafika. Hayo yote ni ya bei ndogo.

Karbureta kwa kifupi. Likizimika kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, vuta choki kidogo injini ikiwa imepata moto. Likitulia, linapata hewa nyingi au petroli kidogo: gasketi ya chini ya karbureta inavuta hewa, au jeti ndogo ya sailensi imeziba. Gari lililolala muda mrefu petroli yake huacha ulimbo humo. Jeti isafishwe kwa dawa na upepo wa kompresa, asiichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka umeinunulia petroli maisha yake yote. Harufu ya petroli anza na sindano ya boya, ile inayofunga petroli karbureta ikijaa, mara nyingi chembe ya kutu kutoka kwenye tangi imeizuia isifunge.

Turudi kwenye giaboksi. Hujui yule mzee wa Masasi alitia nini. Weka gari sehemu tambarare, fungua plagi ya pembeni, ile ya kujazia, kabla hujagusa ya kumwagia, maana ya juu ikikataa kufunguka utabaki na giaboksi tupu. Chovya waya safi, unuse. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa, inakaribia yai viza, huwezi kuikosea. Ukiisikia, imwage ikiwa ya moto, tia ya injini mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la pembeni, haifiki hata lita moja na nusu, kisha endesha siku tatu za asubuhi. Usiposikia harufu hiyo, funga plagi, uje uandike hapa umeona rangi gani, na Jumamosi fundi apewe karbureta peke yake.