Kabla ya kununua jina la watu: hesabu ya kazi ya kuvalisha nyumba hapa Lubumbashi

Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka upande wa Kasapa alinifuata depo, ghala ninamoweka vitu vyangu vya kazi, akiwa na karatasi ya rangi mkononi. Amemaliza masomo ya uchumi chuoni, ana akiba kidogo, na mjomba wake aliyeko Ubelgiji amekubali kumkopesha kiasi kinachopungua. Anataka kununua franshizi ya kuvalisha nyumba: alipe ada, apewe jina, kitabu cha mafunzo na tovuti, kisha afungue hapa Lubumbashi. Katikati ya karatasi palikuwa na namba moja kubwa, na chini yake neno moja: mapato. Akaniuliza, "Mama, hii namba ni ya kweli?"

Nilimjibu kwamba inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila namba anayoitafuta yeye haiko kwenye ile karatasi. Tulikaa chini saa mbili na kalamu. Tuliyoyaandika siku ile nayaleta hapa, maana haupiti mwezi bila mmoja wenu kuniuliza swali hilohilo.

Wengine mtakuwa hamjaiona kazi hii kwa karibu. Mwenye nyumba ana nyumba tupu. Tunaingia, tunasafisha, tunarekebisha rangi palipochubuka, tunaweka fotei (viti vya sebuleni), vitanda, rido (mapazia), taa na picha mbili tatu ukutani, tunapiga picha nzuri, na mteja anayekuja kutazama anajiona tayari akiishi mle. Akishaingia mtu, tunatoa vitu vyetu, au tunaviacha kwa malipo ya mwezi. Kazi hii ilianzia Marekani. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Barb Schwarz, aliyeanza mwaka 1972 katika jimbo la Washington. Kule nyumba huvalishwa ili iuzwe. Hapa kwetu, karibu kazi zangu zote ni nyumba za kupangisha, katika mitaa ya Golf, Bel-Air, Makutano, na Makomeno kwa wastaafu waliobaki na nyumba kubwa baada ya watoto kuondoka. Tofauti hiyo ya kuuza na kupangisha ndiyo inayobadilisha hesabu yote, na vitabu vya franshizi vimeandikwa kwa ajili ya watu wanaouza.

Bei yako inatoka wapi? Inatoka kwenye hasara ya mwenye nyumba. Nyumba ya dola 1 500 kwa mwezi ikikaa tupu miezi mitatu, mwenyewe amepoteza 4 500, na juu yake bado analipa sentinele, yaani mlinzi, na kuwasha jenereta ili watu waone taa. Ukimwambia dola 1 200 na ukampunguzia hata mwezi mmoja wa kungoja, tayari anaiona maana. Lakini nyumba ya dola 400 kwa mwezi, mwenyewe hawezi kukulipa miezi mitatu ya kodi yake kwa ajili ya rido na mito. Hata akikubali, usiichukue; atajuta na atakusema vibaya mtaa mzima. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, zunguka na komisionere (dalali wa nyumba) wawili wenye uzoefu kwa wiki moja, uhesabu nyumba zinazopangishwa kuanzia dola 1 000 kwenda juu, na ngapi kati yake huwa tupu kwa wakati mmoja. Namba hiyo ndiyo dari lako. Hakuna jina la ng'ambo litakaloipandisha.

Sasa hesabu yenyewe. Chukueni mfano wa nyumba ya vyumba vitatu, malipo dola 1 200 kwa miezi miwili. Lori kwenda na kurudi, 120. Vijana wanne wa kubeba, siku mbili, 80. Kufua rido na vitambaa, 60. Sehemu yake katika kodi ya depo, 150. Mpaka hapa wengi wanasimama, wanaona wamebaki na 790, wanafurahi. Wamesahau vitu vyenyewe. Seti ya nyumba kama hiyo tuseme umeinunua dola 4 000. Baada ya nyumba nane, fotei zimechoka, meza zina mikwaruzo, unaiuza kwa 800. Seti imekula 3 200, yaani 400 kwa kila nyumba. Gharama zote sasa ni 810, na umebaki na 390.

Hapo ndipo franshizi inapoingia. Mrabaha, yaani asilimia unayomlipa mwenye jina, unatolewa juu ya mauzo yote, kabla hujatoa gharama hata moja. Weka mrabaha wa asilimia 7 na mfuko wa matangazo wa asilimia 2. Asilimia 9 ya 1 200 ni dola 108. Inasikika ndogo. Lakini zinatoka kwenye zile 390 zako, kwa hiyo umebaki na 282. Asilimia 9 imeondoka na zaidi ya robo ya kilichokuwa chako. Na kama ada ya kuingia ilikuwa, tuseme, dola 20 000, gawanya kwa 282: nyumba 71 kabla hujairudisha ada peke yake. Kwa nyumba mbili kila mwezi, ni karibu miaka mitatu. Katika miaka hiyo hujajilipa mshahara, hujalipa ushuru, na bado una seti za kununua upya.

Yule kijana alinyamaza kwa muda mrefu. Nilimwonea huruma, kwa sababu najua ile karatasi inavyopendeza. Mwaka 2019 mimi mwenyewe nilibaki na hatua moja tu ya kusaini na mtandao mmoja wa ng'ambo, ambao sitautaja. Mwakilishi wao alikuwa mtu mwema, mwenye subira. Walinitumia rasimu ya mkataba, na kwenye kifungu cha eneo langu wakaandika "mkoa wa Katanga". Mkoa huo ulishagawanywa tangu 2015 kuwa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Nikauliza: Kolwezi, ambayo sasa iko Lualaba, ni yangu au si yangu? Kwa mtu wa kazi hii, swali hilo ni zito kuliko la mrabaha, maana Kolwezi ndiko migodi mikubwa iliko na ndiko kampuni zinakowekea watu nyumba. Majibu yalichukua wiki tano, nayo yalikuja na ada ya pili, kwa mkoa wa pili. Hapo nikarudisha kalamu mfukoni.

Kuna jambo moja la huko ambalo nataka mlishike vizuri, kwa sababu linalinda mnunuzi na wengi wetu hatulijui. Marekani, muuzaji wa franshizi analazimishwa na sheria kukupa hati yenye vifungu 23, angalau siku 14 kabla hujasaini au kulipa. Kifungu cha 5 na cha 6 vinaonyesha ada zote. Cha 7 kinaonyesha jumla ya mtaji wa kuanzia. Cha 12 kinahusu eneo. Cha 19 ndicho cha mapato: muuzaji halazimishwi kukijaza, lakini asipokijaza haruhusiwi kukuambia namba za mapato kwa mdomo wala kwa karatasi ya rangi. Cha 20 kinakupa orodha ya wenye franshizi walioko na walioondoka mwaka uliopita, pamoja na namna ya kuwapata. Ufaransa nayo ina sheria ya 1989 inayodai hati ya maelezo siku 20 kabla ya kusaini. Sisi Wakongo tuko ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, lakini OHADA haina sheria yake maalum ya franshizi. Ukisaini hapa, unabaki na mkataba wako na sheria yetu ya mikataba, ambayo ni dekreti ya 1888. Kwa hiyo hata kama muuzaji anasema hati ile ni ya wanunuzi wa kwao tu, iombeni. Anayeuza kwa haki ataituma.

Mkishaipata, anzeni na orodha ya kifungu cha 20, sehemu ya walioondoka. Andika barua fupi, ya heshima, kwa watatu au wanne. Usiwaulize kama walipata pesa. Waulize walikuwa na seti ngapi, na kila seti ilitoka depo mara ngapi kwa mwaka. Katika kazi hii pesa iko kwenye kuzunguka. Seti inayotoka mara sita kwa mwaka inalisha nyumba; inayotoka mara mbili inalisha mwenye depo. Hapa Lubumbashi familia nyingi zinahama Julai na Agosti, kabla ya masomo kuanza Septemba. Miezi hiyo utakosa seti. Kuanzia mvua za Desemba mpaka karibu Machi utakuwa na seti nyingi zimelala chini ya turubai, na depo ikivuja umepoteza matela, yaani magodoro.

Halafu kuna soko la kampuni, ambalo ndilo linalowavutia wengi wenu. Kampuni moja ya mgodi ikikupa nyumba kumi za wafanyakazi wake, mwaka wako umekaa vizuri, sikatai. Lakini mji huu unapumua na shaba na kobalti. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na kuuza kulirudi Oktoba kwa mgao maalum. Nilikuwa kwenye mazungumzo na kampuni mbili. Zote mbili zikaniambia tungoje kwanza. Hakuna aliyenikosea. Lakini kama ningekuwa na mkataba wenye mrabaha wa chini wa kila mwezi, ule unaolipwa hata usipouza kitu, ningekuwa nadaiwa dola na watu wasiojua hata bei ya kobalti. Kifungu cha kiwango cha chini kitafuteni kwa tochi. Mara nyingi kiko mbali na ukurasa wa mrabaha.

Wateja wa kawaida wanatoka kwa komisionere. Yeye ndiye anayejua nyumba gani iko tupu, tangu lini, na mwenyewe ana haraka kiasi gani. Nyumba ikipangishwa upesi, na yeye anapata chake upesi, kwa hiyo ni rafiki yako wa asili. Jina la ng'ambo halimwambii chochote. Anachotaka ni kwamba ukisema alhamisi saa tatu nyumba iko tayari, iwe tayari, na taa ziwake hata SNEL, shirika la umeme, ikikata. Mimi huwa naweka taa za betri sebuleni na jikoni. Hilo halikuwemo katika kitabu chochote.

Na vitabu hivyo, jamani, vinaweza kukugharimu. Nilionyeshwa kimoja kinachodai fotei nyeupe, mazulia meupe, rido nyeupe, ili vyumba vionekane vikubwa. Anayejua Lubumbashi mwezi wa Agosti anajua vumbi letu jekundu. Nilijaribu mara moja, kwenye nyumba ya Golf isiyo na lami mbele ya geti. Siku ya nne rido zilikuwa na rangi ya tofali. Sasa natumia rangi ya mchanga, kahawia nyepesi, kijani kilichokolea, na natundika sahani moja ya malakiti, lile jiwe la kijani, ukutani. Mgeni anayetoka nje ya nchi anaipenda, na haifuliwi.

Sisemi franshizi haina faida. Mtu ambaye hajawahi kuandika mkataba, hana orodha ya vitu vya kuhesabu wakati wa kuingia na kutoka, hajui kupiga picha ya chumba, anaweza kulipia mafunzo na akawa amefanya vizuri. Mafunzo ya wiki chache yanapatikana bila kujifunga miaka mingi kwa mrabaha. Lakini kama mtandao unakuletea mkataba uliosainiwa tayari na kampuni yenye ofisi hapa, hapo mazungumzo ni mengine, kaa nao mezani.

Jambo la malipo, kwa ufupi, kwa sababu liliniumiza mwanzoni. Wenye nyumba watakuambia, "Nitakulipa nikipata garanti ya mpangaji." Usikubali. Garanti ni pesa ya mpangaji inayongoja kurudishwa, na sheria ya 2015 imeiwekea kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Nusu ya malipo yako ipokelewe kabla lori halijatoka depo. Na bei yako useme wazi kama TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 imo ndani au haimo.

Kijana wa Kasapa aliniuliza mwishoni angeanzaje bila ada ya watu na bila dola 4 000 za seti. Nikamweleza nilivyoanza. Nilikwenda kwa maseremala katika komini za Kenya na Katuba, humu mjini, nikawaomba vitanda na meza kwa makubaliano: naviweka ndani ya nyumba nzuri kwa miezi miwili, kila kimoja kina karatasi ndogo ya bei, kikiharibika nalipa, kikiuzwa pesa ni ya seremala nami napata sehemu yangu. Watano walikataa. Aliyekubali alikuwa mzee mmoja wa Katuba. Akanipa vitanda viwili na kabati, akapanda mwenyewe juu ya lori kuvishika njiani. Mpangaji aliyeingia alivinunua vyote kabla ya mwezi kuisha. Nilipompelekea mzee pesa zake, alikuwa tayari amekata mbao za vingine vinne.