Kumwomba mtakatifu si kumwacha Mungu

Tumsifu Yesu Kristo, dada yangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa kumuuguza mama. Unasema umemaliza novena (sala ya siku tisa) ya Mtakatifu Peregrine, msimamizi wa wagonjwa wa saratani, lakini saratani ya mama iko palepale, na jirani anakwambia unaabudu wafu.

La jirani lisikusumbue. Kwenye litania, ile sala ya kuitikizana, Mungu tunamwambia "utuhurumie", watakatifu "utuombee". Ukiwaomba wanajumuiya wamkumbuke mama kwenye sala, nani atasema umewaabudu?

Peregrine, aliyefariki mwaka 1345, aliugua mguu hadi ukapangwa kukatwa. Mapokeo yanasema alipona usiku wa kuamkia siku hiyo, akiwa amekesha mbele ya Msalaba. Lakini novena haimfungi Mungu kwa tarehe. Rudia ukitaka, na kliniki mama asikose. (Zile meseji za "tuma kwa watu tisa upate muujiza" futa tu.)

Ninachokusihi zaidi ni kumwita paroko ampe mama Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya kuwaombea na kuwapaka mafuta wagonjwa. Wengi wetu husubiri hadi mgonjwa hajitambui, eti kumwita padre ni kumwitia kifo. Sivyo. Padre humpaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani, na hali ikizidi anaweza kumpaka tena. Afike mapema, mama aungame akiwa bado anaweza kuongea.

Baba naye mwombee Misa. Peleka nia, yaani ombi la Misa kwa ajili yake, ofisi ya parokia. Ukishindwa kusali kwa uchungu, waite wanajumuiya waje wasali rozari hapo nyumbani, wewe kaa tu na mama.